Jiko Jipya Lisilo na Pa Kukaa

Wiki iliyopita niliingia duka la vifaa vya ujenzi kuuliza bei ya ubao wa kuweka juu ya makabati ya jikoni, maana na mimi nimefika umri wa kusimama mbele ya vishikio vya droo nusu saa nzima bila kuchagua. Nyuma ya kaunta kijana mmoja alikuwa anamkatia mteja mwingine ubao kwa mashine. Harufu ya lile vumbi la mbao zilizoshikwa kwa gundi, tamu kidogo na kali kidogo, ikanijia puani, na bei niliyotajiwa nikaisahau hapo hapo. Nilikuwa nimerudi Sydenham, kule Durban, mtoto wa miaka saba hivi, nimesimama mlangoni mwa chumba cha nyuma na Papa ananiambia, "Furaha, usiguse kitu."

Tulikaa nyumba ya nyuma. Wenzangu mliokulia Durban mnazijua: mwenye nyumba yuko mbele na bustani yake, nyinyi mnapita pembeni, mnayapita mapipa ya taka, mpaka uani. Mwenye nyumba wetu tulimwita Anti, mama wa Kihindi, mpole, ambaye duniani hapa alipenda vitu viwili: Mungu na kamba zake za nguo. Sisi tulikuwa na vyumba viwili vya kulala, na cha tatu ambacho zamani kilikuwa cha kufulia. Hicho cha kufulia ndicho tulichopikia. Kilikuwa na beseni la saruji, bomba moja lililolia kila likifunguliwa, jiko la umeme juu ya meza iliyochoka, na sakafu tupu.

Ile sakafu tupu ilikuwa na kazi yake. Mama alikuwa anapikia watu. Siku za kazi aliamka akasonga bugali, ndio huo ugali, akapika sombe ya majani ya muhogo na samaki, akavipanga kwenye masanduku ya plastiki ya kutunza joto, akapanda taxi kwenda mjini kuwauzia wasusi wa saluni na vijana wa maduka ya simu. Wakongomani wa mjini walimjua kwa bugali wake tu: mweupe, laini, hauna bonge hata moja. Papa alikuwa kinyozi, na mkasi wa Papa ulilipa kodi ya nyumba. Sufuria ya Mama ililipa vilivyobaki vyote, kuanzia sare zangu za shule mpaka dawa za bibi yangu kule Bukavu.

Na kwetu bugali wa watu wengi hausongwi mtu akiwa amesimama. Maji yakichemka na unga ukishaingia, Mama aliipua sufuria akaiweka chini sakafuni. Alikaa kwenye kigoda kifupi, akatanua miguu, akaibana ile sufuria kwa nyayo zake zilizozungushiwa vitambaa, kisha akashika mwiko kwa mikono miwili. Hapo mwili wote ulifanya kazi, mgongo, mabega, hata shingo. Nilipenda kumtazama. Alikuwa mwanamke mwembamba, lakini akisonga bugali ungedhani anaweza kusogeza nyumba ya Anti ikawa nyuma na yetu ikawa mbele.

Papa naye alikuwa na ndoto yake: kumpa Mama jiko la makabati. Kinyozi husikia mengi, na wateja wake walipenda kumsimulia nyumba za matajiri walikofanya kazi. Jioni moja alirudi akipiga makofi toka getini.

"Chérie! Mungu ametuona! Iko cuisine nzima, ya bure! Iko na droo, iko na milango, iko na sinki ya inox, inang'aa!"

"Ya bure?" Mama akauliza. "Ju ya nini wanaitupa?"

"Mteja wangu anafanyaka kazi ya kubomoa. Wenyewe wamechoka na rangi yake."

"Wamechoka na rangi," Mama akasema, akacheka mpaka akashika ukuta. "Ee Bwana, na mimi siku moja nichoke na rangi."

Kwa hiyo pesa zote tulizokuwa nazo za jiko jipya, hiyo cuisine ya Papa, zilikuwa za skrubu, gundi, bomba na kopo la rangi. Anti alikubali, mradi ukuta wake usianguke. Papa akachukua chaki akalichora jiko lote sakafuni: hapa sinki, hapa jiko la umeme, hapa kabati la kona, pande tatu za chumba zikajaa mistari. Mimi nilitembea ndani ya mistari ile nikifungua milango ya hewa na kumkaribisha chai kila aliyepita. Kisha Papa akamwita Mama ampime. Alimwambia asimame wima, anyooshe mkono juu, aukunje, ajifanye anaosha sahani, ajifanye anakata kitunguu. Alipima kwa utepe wa fundi cherehani, kwa uangalifu kama anayepima nguo ya harusi. Mama alisimama, akanyoosha, akakunja, akaosha sahani zisizokuwepo, na wote wawili walikuwa wanacheka.

Jumamosi Tonton Deo, rafiki wa Papa, alileta bakkie lake, lile gari dogo la mizigo. Yule ndiye mtu pekee tuliyemjua mwenye gari, na kila mhamaji wa Kikongomani mjini amewahi kulala kwenye godoro lililopanda gari lile. Walirudi mchana, makabati yamefungwa kamba ovyo, mlango mmoja ukipepea, na Papa amekaa nyuma katikati ya mbao akiwapungia watu mkono. Tonton Deo alisema kila walipofika ku robot, kwenye taa za barabarani, Papa alisimama kuhesabu milango.

Kulifunga jiko lile kulichukua miisho ya juma kadhaa. Kuta za Anti hazikunyooka hata moja, na Papa hakuwa fundi. Alikuwa na jicho la kinyozi. Alifumba jicho moja, akainamisha kichwa, akalitazama kabati kama anavyotazama laini ya nywele kwenye paji la mteja, kisha akasema, "Kidogo kushoto," na Tonton Deo akasukuma na kutukana kwa sauti ya chini. Milango aliisugua kwa msasa, akaipaka rangi ya maziwa, na pembe zake akazisafisha kwa mswaki. Mswaki ulikuwa wangu. Nilipewa mwingine, lakini nilikumbuka.

Siku lilipokamilika tuliingia kwa zamu, maana chumba hakikutosha tena watu watatu. Pande zote kabati, juu kabati, chini kabati. Droo za karibu na jiko la umeme ndizo zilikuwa fahari ya Papa: ulizisukuma kidogo tu zikajifunga zenyewe bila kelele. Mama alizifungua na kuzifunga mara nyingi, mkono mdomoni. Alifurahi kweli kweli, nataka hilo lieleweke, kwa sababu yaliyofuata yanaweza kukufanya udhani alikuwa anaigiza.

Papa aliweka plastiki nzito juu ya ubao wote, akatangaza sheria: hakuna kukwaruza, hakuna kuweka sufuria ya moto, hakuna kubamiza mlango. Hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kazi yake. Nyumbani kwetu vitu vilivyofunikwa plastiki vilikuwa vya wageni: zile sahani za maua, kile kitambaa cha meza, kile kiti kimoja. Tena ndani ya mlango wa kabati moja, mahali msasa haukufika, niliona mistari ya penseli, mmoja juu ya mwingine, na kila mstari una namba. Hata sisi shuleni tulipimwa hivyo ukutani. Palikuwa na mtoto, basi. Nilisimama pale, kichwa changu kikafika karibu na mstari wa katikati. Nikawaza: hakuna mzazi anayetupa urefu wa mtoto wake. Wale watu hawakulitupa jiko. Wametupatia tulitunze, siku moja watarudi kulichukua, na Papa anajua, ndiyo maana amelifunika.

Wazo hilo halikuniogopesha. Nililipokea kama heshima. Nilianza kugonga mlango wa kabati kabla ya kuchukua kikombe. Droo ya chini kabisa niliiacha tupu kwa ajili ya yule mtoto, nikamwekea peremende mbili na ufutio wenye harufu ya ndizi.

Kisha Jumatatu asubuhi, Papa ameshakwenda kazini, nilimkuta Mama uani. Ameketi kwenye kigoda chake kando ya kamba za Anti, jiko la makaa linafuka moshi, sufuria ameibana miguuni, anasonga bugali. Juu ya ukuta tumbili watatu walikuwa wamejipanga wakimtazama kwa makini. Mmoja alishuka akaokota kifuniko, akakinusa, akakiacha. Mama alimtupia kandambili. Jumanne ikawa vivyo hivyo, na Jumatano. Ndani jiko jipya linang'aa, nje Mama anapigana na tumbili. Nikajisemea, naam, Mama ni mtu mwaminifu, hatumii vitu vya watu kabla hawajarudi. Nilimpenda zaidi.

Lakini upepo wa Durban hauna adabu. Siku moja Anti alikuja nyuma na shuka begani, akaomba samahani mara nyingi zaidi kuliko ilivyohitajika, akamwambia Mama anuse. Ilinuka makaa na samaki. Mama naye akaomba samahani, wakaombana samahani mpaka Anti akaondoka, na toka siku hiyo hapakuwa tena na moto uani.

Ndipo Mama alipojaribu kusonga bugali amesimama, sufuria juu ya jiko la umeme, karibu usawa wa kifua chake. Nilimwona asubuhi ile kabla ya shule. Mkono mmoja umeshika sufuria kwa kitambaa, mwingine mwiko, na sufuria inazunguka pamoja na mwiko inavyotaka. Alipumzika, akaanza tena, akalishika bega lake akauma midomo. Jioni masanduku yalirudi kutoka mjini yakiwa mazito. Wateja walikuwa wamemwambia kwa upole, maana walimpenda, "Mama, leo bugali iko na mabonge." Kesho yake wakamwambia tena. Siku ya tatu, nadhani, baadhi yao walinunua kwa mwanamke mwingine.

Nilikuwa namsaidia kukwangua sufuria aliposema, bila kunitazama, "Pengine niache. Nitatafuta kazi ya kufagia nyumba za watu."

"Papa anajua?"

"Papa yako usimuambie kitu. Muache afurahi kidogo."

Na kweli Papa alikuwa na furaha. Asubuhi kabla ya kazi aliingia jikoni na kitambaa, akafuta milango mmoja mmoja akiimba nyimbo za kanisani. Mtu aliyekuja kwetu kuomba chumvi aliondoka amejua historia ya kila skrubu. Leo ninapomfikiria Mama akimsikiliza mumewe akiimba kule ndani, naye amekaa kitandani anajikanda bega, nashindwa kujua ni yupi nimhurumie zaidi. Mama alikuwa tayari kuacha kazi iliyompa jina mjini ili asimwambie mtu anayempenda kwamba amekosea.

Jumapili baada ya ibada Tonton Deo alikuja kula na kulikagua jiko alilolitolea jasho. Papa alimzungusha, wakafungua kila kilichofunguka. Kisha Mama akatuletea chakula mlangoni mwa jiko, maana ndani hatukutosha: wali na maharagwe.

Tonton Deo aliutazama wali kama mtu aliyeletewa barua isiyo yake. "Mama Furaha, muchele? Mimi sijakula toka asubuhi ju ya bugali yako!"

"Leo ni muchele," Mama akasema.

"Juzi pia ilikuwa muchele," Papa akasema, akiwaza. "Na mbele ya juzi."

Mama akainamia sahani yake. Mimi nikaona watu wazima wanataabika kwa jambo dogo, nikawasaidia. "Mama hawezi kupika bugali humu," nikasema. "Tunangojea kwanza wenye cuisine warudi."

"Wenye nani?" Papa akauliza.

Nikaeleza yote: mistari ya penseli, plastiki, droo niliyomwekea mtoto wao, hata ufutio. Tonton Deo alicheka mpaka kijiko kikamtoka mkononi. Papa alicheka. Mama naye akacheka, akafuta macho kwa ncha ya kitenge, akafuta tena, na wenzake walipomaliza kucheka yeye bado alikuwa anafuta.

"Chérie?" Papa akasema. "Iko nini?"

"Mutoto hajui sababu," Mama akasema, "lakini ameona muzuri. Bugali humu siwezi."

"Ju ya nini? Kitu gani inakosa? Sema, nitaitafuta!"

"Nafasi ya kukaa."

Papa akatazama viti. Mama hakubishana. Alikwenda akaleta kigoda chake, akakiweka kati ya jiko la umeme na sinki, akakaa. Akatanua miguu. Goti moja likagonga zile droo, la pili likagonga mlango wa kabati la sinki, na kiwiko chake kikagusa ubao. Kutoka pale chini akainua uso.

"Sufuria itaingia wapi, Papa Furaha?"

Papa akasogea karibu. Aliitazama sakafu, au niseme ile njia nyembamba iliyobaki ya sakafu, na uso wake ukabadilika polepole. Huyu ni mtu aliyekula bugali wa mwanamke huyu toka siku ya ndoa, aliyemwona amekaa namna ile maelfu ya asubuhi, na alipochukua utepe alimwambia asimame.

"Nilikupima umesimama," akasema.

"Ulinipima nimesimama."

"Na wewe ulinyamaza!"

"Ulikuwa unaimba," Mama akasema. "Ningesema nini? Nimekwisha kuuliza kazi ya kufagia."

Neno hilo lilimchoma Papa, nililiona likimchoma. Alirudia "kufagia" mara mbili kwa sauti ya chini. Kisha akavua koti lake la kanisani, akamkabidhi Tonton Deo, akaenda kuleta bisibisi.

Alianza na zile droo zinazojifunga zenyewe.

"Eish, Papa Furaha!" Tonton Deo akapiga kelele. "Ile apana! Toa ya kona!"

"Ya kona haiko njiani," Papa akasema, na skrubu ya kwanza ikaanguka.

Baada ya droo akatoa kabati la jirani yake. Hapo ubao wa juu ukabaki unaning'inia, akaomba msumeno. Tonton Deo alikwenda kuutoa kwenye bakkie akinung'unika kama mtu anayetumwa kuchimba kaburi la ndugu. Papa alipiga mstari wa chaki, akafumba jicho moja, akaanza kukata, na lile vumbi likajaa chumba kizima na harufu yake ikanikaa kooni.

Mimi sasa ndiye niliyekuwa na hofu. Wenyewe wakirudi je? Nilimvuta Papa suruali nikamwambia sikioni kwamba tutagombezwa. Aliacha msumeno, akachuchumaa mpaka macho yetu yakawa sawa, nyusi zake zimejaa unga wa mbao.

"Furaha, wenyewe hawarudi. Wako na ingine. Hii ni yetu." Akafikiri kidogo. "Ndiyo maana tunaweza kuikata."

Nilimwamini mara moja, na sijui niseme vipi jinsi nilivyojisikia. Nilikuwa nimezoea sana kuwa mgeni mwema. Nilikwenda kwenye droo, ambayo sasa ilikuwa uani juu ya nyasi, nikachukua peremende zangu nikala zote mbili kwa pamoja.

Papa alifagia. Upande mmoja wa jiko lake zuri sasa ulikuwa pengo, ukuta wa Anti unaonekana na rangi yake ya zamani, na ncha ya ubao iliyokatwa ilikuwa na meno. Mama alisonga mbele. Akachemsha maji, akatia unga, akaipua sufuria akaiweka chini ndani ya lile pengo. Akakaa. Magoti yakatanuka mpaka yalipotaka. Nyayo zikaibana sufuria, mikono ikashika mwiko, na mgongo ukaanza kazi. Sisi watatu tulijazana mlangoni tukimtazama, hakuna aliyethubutu kupumua kwa nguvu. Bugali uligeuka, ukagongwa pembeni, ukageuka tena.

Mama akainua kichwa, jasho kwenye paji.

"Munaangalia nini? Mutoke mu cuisine yangu! Munanizibia hewa!"

Tulitoka tukisukumana. Papa alitoka wa mwisho, kinyumenyume, akauvuta mlango taratibu. Akakaa juu ya zile droo zake pale kwenye nyasi, shati la kanisani limejaa vumbi, akasikiliza mwiko ukifanya kazi ndani. Tonton Deo alimtazama, akayatazama makabati yaliyong'olewa, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Siku hizo zote tumefanya kazi," akasema. "Na sasa angalia."

"Deo," Papa akasema, na uso wake wote ulikuwa unacheka, "sasa ndiyo cuisine imeisha."